Dubu wa Mzee Murad

Walimwengu wote na watambue kwamba upanga wa Mzee Murad wa Al-Nuzha, Jeddah, ndio mtukufu kuliko panga zote zilizowahi kutoka Borneo, na kwamba mifupa mitatu ya hirizi iliyoning'inia kwenye mpini wake iliilinda nyumba ile dhidi ya mahasidi, wezi na majini.

Mmoja wa mifupa hiyo ulikuwa wa kuku.

Aliyegundua ni Dokta Soud, mtaalamu wa mifupa ya wanyama, aliyeitwa kutoka Riyadh ili atambue kila mfupa na kuuandikia cheti. Chai ilikuwa bado ya moto alipothibitisha kwamba wa kwanza ni wa kidole cha chui na wa pili wa mguu wa kulungu. Mzee Murad aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa sifa zake mwenyewe. Ndipo lenzi ikafika kwenye mfupa wa tatu, ule wa dubu.

"Ndugu yangu," alisema daktari, "dubu huyu alikuwa akitaga mayai."

Akaufuta kwa leso. Leso ikatoka na rangi nyeusi ya viatu.

Bi Mashavu, mke wa mzee, alicheka, kisha akamwona mumewe usoni na kugeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Wamenibadilishia!" Mzee alisimama. "Roseline! Yalla, njoo hapa!"

Roseline alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa Mkenya kutoka Kisii. Mkataba wake wa miaka miwili, ule wa 2014, ulikuwa umekwisha, na ndege yake ilikuwa ya kesho asubuhi. Pasipoti ilikuwa kwenye droo ya mzee, kwa kuwa mzee ndiye kafili, mdhamini wake wa kazi, na kafili huweka vitu salama.

"Nani anaufuta vumbi upanga huu kila siku?"

"Ni mimi, baba."

"Basi dubu wangu yuko wapi?"

"Baba, mimi dubu sijawahi kumwona. Hata kwetu hakuna."

"Mafi dubu, mafi pasipoti. Hakuna dubu, hakuna safari. Halas."

Roseline alishika ukingo wa meza. "Baba, mtoto wangu anakuja kunipokea eapoti. Ana miaka minne, ananijua kwa simu tu. Ameshanunuliwa shati."

"Ngojeni kwanza," alisema daktari, jicho bado kwenye lenzi. "Mfupa huu umeng'atwa. Meno mawili ya mbele, na katikati mwanya mpana."

"Fungua mdomo," mzee akaamuru.

Roseline akafungua. Mwanya ulikuwepo, tena ule ule ambao Bi Mashavu aliusifia siku ya kwanza.

"Kesi imekwisha." Mzee akautia ufunguo wa droo mfukoni.

"Haijaisha," alisema Bi Mashavu. "Huyu hali kuku. Akimwonja tu anavimba uso. Weye mwenyewe si ndiye uliyemkimbiza hospitali?"

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kwani humu ndani nani mwengine ana mwanya?" aliuliza Bi Mashavu.

Mzee, mkewe na daktari waligeuka polepole kuelekea kochi la dirishani. Roseline aligeuka mwisho.

Mimi, mwana wa mzee, nilikuwa nimefunga mdomo tangu lenzi ilipotoka kwenye mkoba. Nikaufungua.

"Nisamehe, baba. Dubu yuko Unguja, bwenini, chini ya godoro langu. Nilimchukua likizo iliyopita anisaidie mtihani wa hesabu. Nilipata kumi na moja kwa mia."

Jioni ile pasipoti ya Roseline ilitoka kwenye droo. Yangu ikaingia.