Ampea Moja na Nusu

Waya ule haukuwa wa kwao. Nyaya zote za chumba cha mama alizipitisha dada mwenyewe, fundi umeme, kwa mkono wake. Huu mweusi, uliojificha nyuma ya kabati na kupenya ukutani hadi kwa jirani, hakuujua.

"Mwizi tumempata," mdogo wake alinong'ona.

Kitandani mama alikuwa amelala, mpira wa hewa puani. Mashine ya oksijeni ilinguruma kando yake. Umeme wa mtaa ulikatika adhuhuri, na mafundi wa shirika la umeme walisema hautarudi kabla ya asubuhi. Mpaka hapo, pumzi ya mama ilitegemea betri kubwa iliyokuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Watoto wake hawa wawili walimletea mwaka juzi, wakarudi makazini kwao, mbali; leo ndipo walipofika tena.

Dada aligusa sanduku. Lilikuwa baridi. Afadhali, halijaelemewa. Kijitaa chake cha kijani hakikuwaka, lakini mama aliwahi kusema kwenye simu kuwa kinamnyima usingizi, amekizima.

Akachuna ganda la waya mweusi taratibu, akabana kipimo chake cha umeme kwenye uzi mmoja wa ndani.

"Ampea moja na nusu."

"Ndiyo nini, dada? Nieleze kwa lugha ya binadamu."

"Volti mia mbili arobaini, mara moja na nusu." Alizidisha kichwani. "Wati mia tatu sitini." Akagawa pia, volti kwa ampea: ukinzani wa omu mia moja sitini. Kitu kimoja tu, chenye kula kweli kweli. Akainama kusoma kibandiko mgongoni mwa mashine ya mama.

Wati mia tatu sitini.

"Anakula sawasawa na mama," alisema polepole.

"Kwani ana mama mwingine humo ndani?"

Dada aliendelea kupiga hesabu. Betri ingetosha mashine moja mpaka kukuche. Kwa mzigo wa mbili, ingezimika katikati ya usiku.

Mdogo wake alichungulia dirishani. Nje kigiza kilishaingia, na nyumba nzima ya jirani haikuwa na hata taa moja.

"Mwone mjanja! Anakaa gizani makusudi, tusimshuku."

"Huyu si ndiye aliyegombana na mama kwa ajili ya mfereji wa maji machafu?"

"Huyo huyo. Zamani kila nikipiga simu mama anamlalamikia. Siku hizi hata hamtaji."

"Tumwamshe mama kwanza, tumuulize."

"Umwamshe apandwe na presha bure? Kata, dada. Mimi na huyo bibi tutaonana kesho."

Mama alivuta pumzi ndefu usingizini. Dada akachukua koleo lenye mipini ya mpira. Akazitazama tena namba za kipimo. Hazikuwa na shaka hata kidogo: umeme wote ule ulikuwa ukipita katika tundu la ukuta.

Akakata.

Mngurumo kando ya kitanda ukakoma. Kifua cha mama kikapanda kwa shida, macho yakamfumbuka.

Ng'ambo ya pili, kiganja kilianza kuupiga ukuta, na sauti ya jirani ikapenya kwenye tundu: "Wanangu, unganisheni upesi! Mama yenu anapumulia betri yangu!"