Mkono Usiootesha

Kifurushi cha jani la mgomba kilikuwa na joto.

Siku zote Mize huniambia nikifuate alasiri. Leo nilitangulia asubuhi, nikamkuta jikoni anakifunga. Alinikabidhi kwa mikono miwili, huku anatabasamu. Ndani mlikuwa na chipukizi la ua alilopewa na mke wa Mdachi wa bomani, lile la majani marefu kama panga, yasiyokauka hata kiangazi. Chole nzima analo yeye tu.

"Safari hii litashika, shoga yangu."

Machipukizi yote aliyonipa yalikufa. Ni yeye aliyenifuta machozi na kuniambia kwamba mkono wangu hauotesi. Mama mkwe aliposikia, akasema ndivyo lilivyo na tumbo langu. Mwezi uliopita mume wangu aliposa mke mwingine Kiegeani.

Nikalifungua jani. Mizizi ya ua hilo ni minene kama tangawizi, na migumu. Hii niliibonyeza, ganda likachubuka, nyama yake laini kama muhogo uliochemshwa. Nyuma ya Mize, birika lilikuwa bado linafuka mvuke mafigani.

"Unachungulia nini? Kapande, jua halijawa kali."

Nikamnyooshea kifurushi.

"Mkono wangu hauotesi, mwenyewe umesema. Nipandie wewe, hapa hapa uani kwako. Nitakuja kulitazama kila siku."

Mize hakunyoosha mkono.