Kumtafuta Pengo

"Zima injini," mama alisema, na mwanawe akazima kwa mara ya tisa asubuhi ile.

Mapezi manne meusi yalipasua maji mbele ya boti yao. Mama alihesabu kwa darubini, kisha akaishusha. Nyangumi wauaji wale aliwajua mmoja mmoja kwa mapezi yao. Ndiyo kazi yake ya miaka thelathini. Pengo, dume mwenye pezi lililomeguka ncha, hakuwemo.

"Bado," alisema, akakohoa mpaka akainama.

Ilikuwa siku ya ishirini wakimtafuta. Mama yake Pengo alikufa mwanzoni mwa msimu. Madume hao hawabanduki ubavuni mwa mama zao hata wakizeeka, na wakifiwa, wengi hawamalizi mwaka.

"Kama wewe tu," mama aliwahi kumtania mwanawe. "Ndevu zina mvi, chai bado unapikiwa."

Siku hizi mwana ndiye aliyepika chai, na kikombe alimshikia. Daktari alishatenga kitanda. Kila jioni mama alikuwa na jibu lile lile: "Silazwi mpaka tumwone Pengo."

Mwana alikuwa hoi. Viganja vimechubuka kwa usukani, macho yanawasha kwa chumvi. Pezi moja refu lilipoibuka kwa mbali, upande wa jua, alijikuta amepaza sauti.

"Yule pale! Pengo!"

"Una hakika?"

"Ala! Mama, Pengo atanipotea mimi? Pezi limemeguka vile vile. Shika darubini uone."

Mama hakuishika. Alimtazama mwanawe, akamtazama sana.

"Basi ndiye," alisema. "Unaona? Anaogelea, anakula. Mama yake hayupo, naye yupo."

"Ndiyo, mama."

"Haya, nipeleke hospitali."

Mama alipokwisha kulazwa, mwana alirudi ofisini, akaketi mbele ya daftari la mama la nyangumi. Yeye kazi yake ilikuwa boti; daftari hilo hakuwahi kulifungua. Sasa alitaka kuuandika ule uongo wake, ili mama akiulizia aambiwe Pengo ameshaandikwa. Akapekua mpaka ukurasa wa Pengo.

Mstari wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa mama, na tarehe ya siku moja kabla hawajaanza kutafuta:

"Pengo amekutwa ufukweni, amekufa. Mwanangu asiambiwe."