Kichupa cha Bi Mwanahija

Kwa mara ya tatu mwezi ule, muuguzi wa zamu alimwambia Bi Mwanahija kwamba damu anayoiona akikojoa ni hedhi tu.

"Hedhi yangu ilikoma miaka kumi iliyopita," alijibu, akaweka kichupa cha mkojo mezani. "Siondoki mpaka upimwe."

"Maabara imefungwa, mama."

Bi Mwanahija akaketi sakafuni, akanyoosha miguu kuziba mlango.

Tekla, mwanafunzi wa uuguzi, alikichukua kichupa na kuchovya kijiti cha kupimia.

"Tekla! Nani amekutuma?"

"Mgonjwa."

Alama ya njano kwenye kijiti ikageuka kijani.

"Ni damu, na hedhi yake ilikoma zamani," alisema Tekla. "Mwandikie amwone daktari leo."

Muuguzi alishika kalamu, asiandike. Mlangoni, Bi Mwanahija alimkazia macho.