Kibao cha Bila Samadi

Atupele, mtafiti wa mazao, alisimama kati ya vipande viwili vya shamba la mahindi. Kimoja kilitiwa samadi, kingine kilipaswa kukosa, ili wakubwa wa kituo cha utafiti waje wajionee tofauti. Lakini mahindi yalikuwa ya kijani kote, yamelingana hata kimo.

"Mama Subilaga, huku nako umetia samadi?"

Mwenye shamba aliinamisha macho. "Nimetia, mwanangu. Yalikuwa manjano, yananitazama. Ningeyanyimaje chakula na yako shambani kwangu?"

Msimu mzima ulikuwa umekwenda na maji. Kule barabarani vumbi la gari la wakubwa lilishaanza kupanda kilima. Atupele aling'oa kibao cha BILA SAMADI, akabaki nacho mkononi, akitafuta pa kukichomeka.