Tone la Rangi ya Kucha

“Dada, achana na mtumba, chukua mpya,” mdogo wangu alinihimiza tena.

Muuza kamera alikuwa ameweka lenzi mbili za aina moja kwenye kaunta, zile zinazotoa picha safi ya sura hata ukumbi ukiwa na giza. Moja ilikuwa bado kwenye boksi lake. Nyingine ilikuwa imetumika.

“Ijaribu kwanza hii,” muuzaji alisema.

Tangu lenzi yangu iibiwe nimekuwa nikipiga picha za harusi kwa lenzi ya kuazima. Siku ya wizi mkoba wa kamera alikuwa nao mdogo wangu. Alilia mpaka mimi niliyeibiwa ndiye niliyembembeleza.

Nikaishika ile iliyotumika. Kidole gumba kikatua chenyewe pembeni, penye kinundu kidogo kigumu. Sikuhitaji kuangalia. Ni tone la rangi ya kucha, nililidondosha mwenyewe ili gizani nijue kwa kupapasa pa kuifungia kwenye kamera.

“Umeipenda?” muuzaji akauliza.

“Naona kama tunajuana,” nikasema, nikaifunga kwenye kamera yangu. “Hebu simama pale mlangoni, mdogo wangu, niijaribu kwako.”

Akasimama. Nyuma yake barabara nzima ikayeyuka, akabaki yeye tu, akionekana hadi kope moja moja.

Mtoto huyu nimempiga picha tangu anaota meno, na hajawahi kuikwepa kamera yangu. Nikangoja ainue uso.

“Dada,” akasema, macho yakiwa bado kwenye viatu vyake, “si tuchukue tu mpya?”