Chumvi kwa Lugha ya Minza

Hii ilikuwa shule ya nne Kabula kwenda kuitazama na bintiye, Minza. Katika shule aliyotoka Minza, wenzake walimcheka kwa kuongea kilugha cha kwao, hadi akawa hasemi hata nyumbani. Mwalimu mkuu aliwakaribisha chakula cha mchana bwaloni, kati ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali.

"Naomba chumvi," msichana mmoja alimwambia Minza. "Kwenu mnaiitaje?"

Minza alimtazama mama yake, kisha akajibu kwa sauti ndogo. Meza nzima ikarudia, ikakosea.

"Sivyo," Minza akasema, akalitamka tena neno lile.

"Una swali lolote, mama?" mwalimu aliuliza.

Kabula alishusha pumzi, akatikisa kichwa. Minza alikuwa ameinua kikopo cha chumvi juu, anacheka, hampi mtu mpaka atamke sawasawa.